Mwenye Vyombo

Historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania imeandikwa kwa majina ya waimbaji na wapiga gitaa, na ni haki yao. Mimi ni fundi redio. Kila ninaposoma kwamba bendi fulani ilivunjika mwaka fulani, huwa nauliza: vyombo vilikwenda wapi, na ufunguo wa stoo alikuwa nao nani? Nikishajua hayo, mara nyingi nimeshajua na sababu ya kuvunjika kwake. Hapa Nyaishozi, wilayani Karagwe, gitaa la umeme lilifika likiwa limefungamana na sanduku la chuma lenye vitufe vinne mbele, na sanduku hilo lilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe hakujua kupiga hata nota moja.

Nataka kuieleza historia ya sanduku hilo na ya mengine ya aina yake, kwa sababu wazee waliolisikia wanaondoka, na kwa sababu mambo mengi yanayosemwa juu ya amplifaya nzuri na mbaya yamesemwa na watu wenye umeme ukutani.

Kabla ya gitaa, Karagwe ilikuwa nchi ya enanga, yaani nanga, chombo cha nyuzi. Wapelelezi Waingereza John Speke na James Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwezi wa Novemba 1861, Grant alikuwa na mguu mbaya. Speke alipoondoka Januari kwenda Buganda, Grant alibaki nyuma kwa miezi kadhaa. Mtu aliyelala anasikia mengi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1864 alieleza nanga ya nyuzi saba au nane, akamtaja na bibi mmoja mzee aliyeipiga, na akazipima nota zake moja moja kwa sikio lake la Kizungu. Ni ushahidi wa thamani. Unaonyesha kwamba zaidi ya miaka 160 iliyopita mwanamke mzee wa hapa aliketi na chombo chake, na mgeni akamsikiliza kwa makini.

Chombo chenyewe ni mti uliochongwa na kuchimbwa kina kifupi, na uzi mmoja mrefu, zamani wa kano za ng'ombe, unaopitishwa huku na huku juu ya meno ya ncha zote mbili mpaka zipatikane nyuzi zote. Sauti yake ni ndogo. Haivuki ua wa nyumba. Ndiyo maana watendi wa nanga walikuwa watu wa ndani, wa ukumbi wa Omukama au wa sebule ya mwenye pombe. Habibu Selemani wa Ihangiro, aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo katika karne ya 20, aliweza kusimulia utenzi mzima kwa chombo hicho, na Profesa Mugyabuso Mulokozi ametuhifadhia kwa maandishi nyingi ya tenzi hizo. Ninachotaka msomaji akishike ni hiki: mpiga nanga alikuwa na mti wake, uzi wake na sauti yake. Akigombana na mwenyeji, alibeba vyote akaenda nyumba ya pili. Hakuna aliyeweza kumzima.

Gitaa la umeme lilimnyang'anya mpigaji uwezo huo. Gitaa bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi, na bei ya amplifaya ilikuwa nje ya uwezo wa mpigaji. Kwa hiyo akazaliwa mtu mpya katika muziki wetu, mwenye vyombo.

Mijini, mwenye vyombo alikuwa mara nyingi ni taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadili jina kila chama kilipobadili jina, mpaka leo tunaiita Msondo Ngoma. Polisi, jeshi, kiwanda cha nguo cha Urafiki, Shirika la Bima, wote walikuwa na bendi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 vyombo vilikuwa vya kampuni ya usafiri na teksi. Mwaka 1983 ikahamia kwa shirika la maendeleo la jiji, DDC. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwachukua kutoka Mlimani Park watu wazito akiwamo Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka na Abel Balthazar. Mashabiki walililia sauti zilizohama. Fundi anaona pia kwamba watu wale waliondoka mikono mitupu. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuhama na amplifaya aliyoizoea, aliyojua kitufe chake cha besi kinakwama wapi na kwamba inaanza kuvuma ikishapata joto. Ilibaki stoo, akaikuta nyingine mbele. Hata Remmy Ongala, na ukubwa wake wote, alijiunga na Matimila wakati vyombo vilikuwa mali ya mfanyabiashara.

Huku kwetu hakukuwa na taasisi ya namna hiyo. Kulikuwa na kahawa.

Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Paraná, kusini mwa Brazili. Dunia ilipogundua kwamba kahawa imepungua, bei ikapanda mwaka 1976 na kuzidi kupanda mwaka 1977. Sehemu kubwa ya bei hiyo haikumfikia mkulima wa Karagwe, lakini kiasi kilichofika kilitosha kuonekana. Mabati yakaezekwa. Baiskeli zikaongezeka. Na mfanyabiashara mmoja wa hapa, ambaye familia yake bado ipo na jina lake naliacha kwa heshima, aliagiza kutoka Nairobi amplifaya ya Ahuja, iliyotengenezwa India, spika mbili za honi, maikrofoni mbili na magitaa mawili. Vilifika mwaka 1976. Angechelewa, asingevipata, kwani Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, ukakaa umefungwa mpaka Novemba 1983.

Ahuja si jina utakalolikuta katika vitabu vya wapiga gitaa. Ni kampuni ya New Delhi, ya tangu mwaka 1940, na mashine zake zilitengenezwa kwa ajili ya hotuba, adhana na mahubiri. Lakini nyuma zina vituo viwili vya kufungia nyaya, chekundu na cheusi, vya betri ya volti 12. Hapo ndipo penye siri yote. Umeme wa gridi ulikuwa haujafika Karagwe, na ulipofika mkoani Kagera katika miaka ya 1990 ulitoka Uganda, kwa njia ya Masaka mpaka Kyaka. Kabla ya hapo ungeweza kumletea mpiga gitaa wa Nyaishozi amplifaya bora kuliko zote za London, akaigeuza kabati.

Hesabu yake ni nyepesi. Amplifaya ya valvu inahitaji volti 300 na zaidi ndani yake ili valvu zifanye kazi, na juu ya hapo zipashwe moto muda wote, hata mpigaji akinyamaza. Ile ya wati 30 inakula zaidi ya wati 100 kabla haijatoa wimbo. Bila jenereta, haiwaki. Transista haihitaji kupashwa. Ukinyamaza, inakula kidogo sana, ukipiga, inachota. Betri ya gari iliyochajiwa vizuri iliweza kuchukua harusi kutoka magharibi mpaka watu wa mwisho wanalala.

Baba yangu mdogo ndiye aliyepiga solo katika kundi lililotumia vyombo vya mfanyabiashara yule. Alijifunza kwa gitaa la kujitengenezea, nyuzi zikiwa ni waya za breki za baiskeli zilizofumuliwa, na masikio yake yalifunzwa na redio: idhaa ya Taifa kutoka Dar es Salaam ikipiga Morogoro Jazz na Western Jazz, Kampala, Kinshasa usiku, na Kigali, ambako Orchestre Impala walikuja kutawala. Sisi tuko karibu na Kigali na Mbarara kuliko tulivyo karibu na Mwanza, na gitaa la Karagwe lilisikika hivyo. Aliyekuja kutoka pwani alishangaa. Aliyekuja kutoka ng'ambo ya Mto Kagera alicheza moja kwa moja.

Betri ilibebwa kwa baiskeli, imefungwa kwa mipira ya tyubu, mpaka palipokuwa na jenereta ya kuichaji. Iliondoka asubuhi ya Alhamisi, ikarudi Ijumaa jioni. Asidi ikimwagika ilitoboa suruali ya mbebaji. Kwa hiyo katika lile kundi cheo cha pili kwa umuhimu, baada ya mpiga solo, kilikuwa cha mbeba betri, na baba mdogo alimlipa kwanza kabla ya waimbaji. Wengine walinung'unika. Mimi naona alifanya haki kabisa.

Sasa nije kwenye sauti, kwa sababu hapa ndipo ninapotofautiana na waandishi wengi.

Spika ya honi ina mdomo mpana na kiini kidogo. Kwa wati moja inatoa sauti kubwa kuliko spika ya gitaa ya kawaida, ndiyo maana inafaa kwa betri. Lakini inatupa sauti za chini zote. Gitaa la besi likipitishwa humo unasikia vidole tu. Baba mdogo na wenzake walijaribu, wakaacha. Wakairudisha kazi ya besi kwenye ngoma, ngoma kubwa ya kucheza omutoro, ikipigwa kwa mkono bila waya wowote, na juu yake magitaa mawili yakipokezana kupitia honi. Nimewahi kuulizwa na kijana wa chuo kama mtindo ule ulikuwa ni jitihada ya kuhifadhi utamaduni wa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe. Jibu ni kwamba ulikuwa ni honi. Utamaduni ulikuwa na jibu tayari pale ambapo mashine ilishindwa, na nadhani hiyo ni sifa kubwa zaidi kuliko ya kuhifadhiwa.

Tundu la kuchomekea gitaa nalo lilikuwa na dawa yake. Gitaa likichomekwa kwenye tundu la maikrofoni, sauti inabanwa, inakuwa nzito na ya mbali, kwa sababu tundu lile limetengenezwa kwa chombo cha aina nyingine na linanyonya nguvu ndogo ya sumaku za gitaa. Fundi aliyenifundisha kazi aliweka rizista ndogo ndani ya plagi yenyewe, na sauti ikafunguka. Kwa nje plagi ilionekana ya kawaida. Baba mdogo aliifunga uzi mwekundu asiichanganye, na hakumwazima mtu.

Nimesoma maandishi ya wapiga gitaa wa Uingereza na Marekani kuhusu amplifaya walizozipenda na walizojuta kuziuza. Karibu wote wanataja zile za valvu: Vox AC30, iliyotoka kwa kampuni ya Tom Jennings pale Dartford, kwa ubunifu wa Dick Denney, mwishoni mwa miaka ya 1950, Fender za California, na zile ambazo Jim Marshall na mafundi wake walianza kuzitengeneza katika duka lake la Hanwell, magharibi mwa London, mwaka 1962. Zilipokuja za transista wengi waliziuza hizo nzito kwa bei ya kutupa, kisha wakaziona zikipanda bei mpaka hazishikiki. Majuto yao nayaelewa. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake haikatiki ghafla. Inakwaruza kwa utamu, na muziki wao wa bluzi na roki umejengwa juu ya mkwaruzo huo.

Muziki wetu haukujengwa hapo. Magitaa ya dansi yanasukana. Solo inapita juu, gitaa la pili linajaza mianya, la ridhimu linashikilia chini, na kila moja lazima lisikike lilipoanza na lilipokatika. Ukitia mkwaruzo kwenye magitaa matatu ya namna hiyo unapata uji. Mpiga solo wa Kongo, wa Dar es Salaam au wa Kampala alitafuta sauti safi, yenye ncha, inayokaa juu ya ngoma bila kuisukuma. Kwa hiyo wanaposema transista ni chombo cha aliyekosa valvu, wanasema juu ya muziki wao. Roland walipotoa Jazz Chorus mwaka 1975, mashine ya transista yenye amplifaya mbili za wati 60 na spika mbili za inchi 12, wapiga gitaa wa sauti safi waliishika na hawajaiachia hadi leo, bado inatengenezwa. Nimeisikia ikipigwa Kampala. Nilisimama mpaka bendi ilipokwenda kupumzika, nikaenda kuigusa. Ilikuwa ya moto kidogo tu.

Lakini narudi Nyaishozi, kwenye miaka migumu.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuikalia ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Januari 1979, vita ikiendelea, redio ikatangaza kifo cha mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe kwa ajali ya gari huko Kenya. Baba mdogo alikaa siku mbili bila kugusa gitaa. Kampala ilianguka Aprili 11, na vita ikaisha kwa ushindi, lakini sisi tulibaki tumefungiwa pande zote. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa. Uganda ilikuwa magofu, na maduka ya Kampala yaliyokuwa yakiuza vipuri yalikuwa yamekwisha tangu Waasia walipofukuzwa mwaka 1972. Dar es Salaam kulikuwa hakuna fedha za kigeni. Nyuzi za gitaa zilichemshwa kwenye maji ya magadi na kurudishwa. Betri za redio zilianikwa juani, ili ziongee habari ya saa mbili usiku.

Transista za kutolea za ile Ahuja zilikuwa za aina ya 2N3055, kofia za chuma zenye miguu miwili. Waya za honi zikigusana, huungua. Ziliungua mara kadhaa katika miaka ile, na kila mara fundi wangu alizipata, kwa sababu 2N3055 ilikuwa kila mahali: kwenye vifaa vya kuchajia betri, kwenye redio za simu zilizokufa, kwenye mashine za ofisi zilizotupwa. Ungeikata pale, ukaifuta, ukaweka kipande cha maika chini yake isigusane na bati, ukapaka mafuta ya kupitisha joto, ukafunga skrubu. Valvu ya EL84 ingeokotwa wapi Karagwe mwaka 1981? Mashine hupendwa na fundi kwa sababu hiyo kwanza. Inapendwa kwa sababu inarudi.

Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Waliokuwa na magendo kweli walihangaika, na wasio na magendo wakahangaika pia, kwani karatasi za manunuzi ya miaka saba nyuma alikuwa nazo nani? Mwenye vyombo alikuwa amevinunua kwa halali, lakini risiti ilikuwa imeliwa na mchwa. Usiku mmoja vilizungushiwa turubai na kushushwa chini ya magunia ya maganda ya kahawa. Vilikaa huko miezi. Amplifaya ilitoka salama. Honi zilitoka salama, kwa kuwa ni bati. Spika moja ya karatasi, waliyoipata baadaye kwa ajili ya kujisikia wenyewe jukwaani, ilitoka imeoza kabisa, na mende wamemaliza kingo zake. Fundi aliitengenezea karatasi mpya kwa mfuko wa saruji na gundi. Ililia miaka miwili, sauti ya kikohozi.

Hivyo tunafika mwaka 1985, mwaka wa kuuzwa.

Mwenye vyombo alikuwa na watoto watatu sekondari na kahawa ilikuwa hailipi kwa wakati. Akawaita wapigaji akawaambia anauza, na wao ndio wa kwanza kuambiwa. Baba mdogo na wenzake walijadiliana usiku kucha. Wakaja na pendekezo: walipe nusu baada ya mavuno yale, nusu baada ya mavuno yanayofuata. Mwenye vyombo alikataa. Ada haisubiri mavuno mawili. Simlaumu, na baba mdogo hakumlaumu. Walikunywa rubisi pamoja siku ile ile. Wiki iliyofuata vyombo vyote vilinunuliwa na usharika wa jirani, taslimu, kwa ajili ya kwaya.

Kundi lilikufa siku hiyo. Mpiga gitaa la pili alikwenda Mwanza na hakurudi kwenye muziki. Mwimbaji akawa mfanyabiashara wa maharage. Baba mdogo, ambaye alikuwa haonekani kanisani isipokuwa Krismasi, aliingia kwaya. Watu walishangilia kuokoka kwake. Aliniambia mimi, na aliwaambia na wazee wa kanisa bila kuficha, kwamba alikuwa amefuata amplifaya yake. Mengine yalikuja baadaye, na yalikuja kweli. Alikufa akiwa mzee wa kanisa. Lakini aliyemwingiza mlangoni ni Ahuja.

Hakuwa peke yake. Wanaoandika kwamba gitaa la dansi lilififia magharibi ya Tanzania katika miaka ya 1980 hawajaingia makanisani. Kwaya ya Barabara ya 13, kutoka makazi ya wakimbizi wa Burundi kule Ulyankulu, Tabora, ilikuwa imeshaonyesha kwamba solo, ridhimu na besi vinaweza kubeba Neno, na kanda zake zilifika kila kijiji chenye redio kaseti. Vijana wa hapa waliziiga nota kwa nota. Kanisa likawa taasisi ambayo Karagwe haikuwahi kuwa nayo: lenye stoo, kufuli, kamati, na sadaka ya kununulia nyuzi. Muziki wa gitaa wa wilaya yetu uliponea humo. Mahali pengine mwenye vyombo alikuwa msikiti, ambao ulihitaji mashine ileile kwa adhana, na nimeshatengeneza Ahuja mbili, ya msikiti na ya kanisa, zikiwa zimeketi juu ya meza moja, na kuhamisha transista nzima ya moja kwenda ya pili kwa ridhaa ya pande zote.

Baada ya wakimbizi wa Rwanda kuja mwaka 1994, masoko yaliyozuka kando ya kambi yalileta jenereta ndogo, na walipoondoka Desemba 1996 jenereta zilibaki. Kisha zikaja zile za Kichina za kubeba kwa mkono mmoja. Kisha nguzo, baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007. Kila hatua iliisukuma mashine ya betri ndani zaidi ya stoo. Kinanda cha Yamaha kilikuja na besi, ngoma na filimbi ndani yake. Harusi zikapigiwa sabufa na simu. Leo mpiga gitaa wa hapa akitaka kufanya mazoezi anachomeka kwenye sabufa ya nyumbani, ambayo ina besi tele na haina ncha.

Na wakaja wanunuzi wa chuma chakavu. Hili ndilo linaloniuma. Amplifaya ya zamani ina transfoma mbili nzito, na ndani ya transfoma kuna shaba. Mnunuzi haulizi ilipigwa na nani. Anaivunja palepale barabarani kwa nyundo, anatoa shaba, anaacha ganda. Nimekuta maganda ya namna hiyo, majina ya kwaya bado yameandikwa kwa rangi ubavuni. Transfoma ya kutolea ya mashine hizi ndiyo roho yake, maana ndiyo inayoiwezesha volti 12 ya betri kuendesha honi mbali na jukwaa, na haipatikani kwa fundi wa mtaani. Transista nitakutafutia. Transfoma ikishauzwa kwa kilo, kwaya haina amplifaya tena. Nimewaambia wahasibu wa kwaya zote ninazozifahamu: kabla hamjaita mnunuzi, niiteni mimi, nitawapa bei hiyohiyo.

Ile ya mwaka 1976 haikuvunjwa. Iliokolewa na misiba. Mazishi hayachagui nyumba yenye umeme, na umeme wenyewe unapokatika katikati ya ibada waombolezaji mia nne hawamsikii mchungaji. Kwa hiyo usharika uliendelea kuitunza, na betri yake, kwa ajili ya siku hizo. Na katika miaka ya karibuni limetokea jambo ambalo baba mdogo angelifurahia: paneli za sola zimeenea mashambani, na nyingi zinachaji betri ya volti 12. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi isiyo na nguzo imekuta chakula chake kiko juu ya kila paa. Nimeifungua, nimebadilisha kapasita kubwa zilizokauka na 2N3055 zote mbili, nimesafisha vitufe, na plagi yenye uzi mwekundu nimeiacha kama ilivyo.

Vijana watatu wa kwaya, wapiga gitaa wawili na msichana anayepiga besi, wameomba kuinunua. Kamati ilikaa mara mbili. Wamekubaliana kwamba mashine itatoka kwa mazishi yote bila malipo, na kwamba vijana watalipa nusu baada ya mavuno ya kahawa ya mwaka huu na nusu baada ya yajayo. Katibu aliniita niandike hali ya mashine kwenye karatasi ya mauziano. Niliandika: inafanya kazi, transfoma zote ni za asili, honi moja ina kibonyeo, besi haitasikika kwenye honi, watafute spika ya inchi 15. Palipoandikwa mwenye mali, yamewekwa majina yao matatu.